Maisha ya Arthur Loveridge, na Sifa za Mtafuta Elimu ya Viumbe

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vitambaavyo na virukavyo. Ama baada ya hayo, vijana wengi hudhani ya kuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe hufanywa na vyeti peke yake. Vyeti vina haja yake, lakini bila tabia ni taa isiyo na mafuta. Ushahidi ni maisha ya Arthur Loveridge. Yeye hakuwa Mwislamu. Walakini hekima haikataliwi kwa sababu ya mkono ulioileta.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Penarth, katika Wales, akapenda wanyama tangu utotoni. Alijifunza kazi katika nyumba za makumbusho za Wales na Manchester, na mwaka 1914 akawa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi. Vita vikamtia jeshini. Kisha akawa msaidizi wa Bwana Nyama katika Tanganyika. Mwaka 1924 akaingia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Mwaka 1926 alirudi, akapanda milima ya Uluguru, na huko sifa zake zikadhihiri. Ya kwanza ni subira, ya kupekua magogo na majani yaliyooza. Ya pili ni uaminifu: wanyama waliandikiwa mahali walipopatikana, vipimo vyao, na pengine chakula kilichokutwa tumboni mwao. Ya tatu ni unyenyekevu: aliwauliza wenyeji, akayaandika majina waliyowapa wanyama kwa Kiluguru.

Mwaka 1928, yeye na Thomas Barbour walitoa kitabu cha kulinganisha watambaao na vyura wa Uluguru na wa Usambara. Humo yumo chura mdogo, Hoplophryne uluguruensis, azaliaye katika maji yaliyotuama ndani ya mianzi na migomba-mwitu. Na chozi mmoja wa Uluguru, asiyepatikana penginepo duniani, huitwa kwa jina la Loveridge tangu mwaka 1922.

Alistaafu mwaka 1957, akafa mwaka 1980 katika kisiwa cha St Helena.

Basi izingatiwe: wenyeji waliwajua wengi wa wanyama hao kabla yake, lakini elimu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Ewe kijana wa Morogoro, milima hiyo i mbele ya macho yako kila asubuhi. Soma, tazama, andika kweli. Mwenyezi Mungu akujaalie elimu yenye manufaa. Amin.