Mtakatifu Benedikto, Mtunzaji Mwaminifu wa Mali ya Mungu

Mwenyezi Mungu alipoumba dunia, alimpa mtu mamlaka juu ya ardhi, miti na wanyama. Lakini Mungu mwenyewe alibaki Bwana wa vyote. Mtu aliwekwa bustanini awe mkulima na mlinzi, naye atatoa hesabu ya kazi yake. Mtakatifu Benedikto alilifahamu sana jambo hilo.

Benedikto alizaliwa Nursia, katika nchi ya Italia, yapata mwaka 480. Alipelekwa Roma kusoma. Huko aliona vijana wengi wakipotea katika anasa, akaogopa kupotea pamoja nao. Basi akaacha masomo na mali ya baba yake, akaenda milimani Subiaco, akakaa pangoni peke yake miaka 3. Mmonaki mmoja, jina lake Romano, alimteremshia mkate kwa kamba.

Baadaye watu wengi walimfuata, naye akajenga monasteri 12. Mmoja wa wafuasi wake alikuwa Mgoti, mtu maskini wa roho. Siku moja Benedikto alimpa chombo cha kufyekea, asafishe kichaka kando ya ziwa, pawe na bustani. Mgoti alikata kwa nguvu zake zote, hata chuma kikachomoka mpinini, kikazama majini. Alitetemeka, akaenda kuungama kosa lake. Mtakatifu Papa Gregorio, aliyeandika habari hizi, asimulia kwamba Benedikto aliutia mpini majini, na chuma kikapanda kutoka chini, kikaingia mahali pake. Ndipo akamrudishia yule maskini chombo chake, akamwambia afanye kazi wala asihuzunike.

Yapata mwaka 529 Benedikto alihamia mlima wa Monte Cassino. Aliwaandikia wamonaki wake Kanuni yenye sura 73. Kila siku wasali, wasome, tena wafanye kazi kwa mikono yao. Vyombo vya kazi viandikwe, kila mtu arudishe alichopewa. Anayeviacha vichafu aonywe. Naye msimamizi wa ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare.

Kisha njaa kali iliingia katika nchi ya Campania. Benedikto aliwagawia maskini karibu vyote vilivyokuwamo monasterini, hata yakabaki mafuta kidogo tu katika chupa. Akaja shemasi mdogo, jina lake Agapito, akiomba mafuta. Benedikto akaamuru apewe. Lakini msimamizi aliyaficha, akihofu ndugu zake watakosa. Benedikto aliposikia alikasirika sana, akaagiza chupa itupwe nje dirishani, kisiwemo nyumbani kitu kilichowekwa kwa uasi. Chupa ikaanguka juu ya mawe, isivunjike wala isimwagike. Ikaokotwa, ikapewa yule mwombaji. Kisha Benedikto akasali pamoja na ndugu, na pipa tupu lililokuwapo likajaa mafuta.

Msimamizi yule hakuharibu kitu wala hakuiba. Kosa lake lilikuwa kufunga mkono juu ya mali ya Mungu, wakati watoto wa Mungu walipokuwa na njaa.

Benedikto alifariki yapata mwaka 547, kisha kupokea Ekaristi, amesimama kanisani, ndugu wakimtegemeza. Mwaka 1910 wamonaki wa Kanuni yake, kutoka Ubelgiji, walifika Katanga kuhubiri Injili. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza Benedikto msimamizi wa Ulaya.

Shamba, jembe na ghala ni amana. Mkristu anayesafisha jembe lake jioni, asiyechoma msitu ovyo, tena anayemfungulia jirani ghala wakati wa njaa, huyo ndiye anayetawala dunia jinsi Mungu alivyotaka. Siku ya hesabu hataona haya mbele ya Bwana wake.