Max von Stephanitz, baba wa berje aleman

Huku kwetu, kama ni Goma, Bukavu ao Bunia, mtu mwenye kutafuta mbwa wa kulinda parseli mara nyingi anauliza kwanza kama kuna berje aleman. Ni wachache wanaojua kama mbwa huyo ana mtu aliyemtengeneza. Anaitwa Max von Stephanitz, na miaka mingi ya maisha yake aliimaliza akipigana na makosa yaliyotoka katika kazi yake mwenyewe.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1864. Alikuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi, na kwa muda alitumika kwenye chuo cha waganga wa wanyama kule Berlin. Fasi ile ndiyo ilimfundisha namna mifupa na misuli ya mnyama inavyofanya kazi.

Wakati huo wachungaji wa kondoo wa Ujerumani walikuwa na mbwa wa kila namna. Kuna wa masikio wima na wa masikio ya kulala, wa manyoya mafupi na marefu. Mchungaji hakujali sura, yeye aliangalia tu kama mbwa anaweza kuzunguka kondoo mchana kutwa bila kuchoka. Tarehe 3 Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa ya Karlsruhe, Stephanitz akaona dume moja lililofanana na mbwa mwitu, lenye nguvu na akili. Akalinunua palepale, akaliita Horand von Grafrath. Mwezi uleule akaanzisha, pamoja na wenzake, chama cha wafugaji, na Horand akaandikwa nambari 1 katika buku la ukoo.

Sasa, ili watoto wote wafanane haraka, Horand na wanawe walitumiwa sana, na ndugu wakapandishwa kwa ndugu. Hata mwana wa Horand alipewa jike wa baba yuleyule. Njia hiyo inaleta sura moja upesi, lakini inaleta na mengine. Mbwa anaweza kubeba kasoro iliyojificha bila kuumwa hata siku moja. Akizaa na ndugu yake mwenye kasoro ileile, kitoto kinaweza kuipokea pande zote mbili, na hapo ugonjwa unatokea.

Stephanitz aliliona. Kwake mbwa mzuri asiyeweza kazi hakuwa mzuri. Akaweka wasimamizi wa kushauri nani apandishwe na nani, akasukuma mitihani ya kazi, akawapeleka mbwa wake kwa polisi na jeshi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Askari wengi walijionea mbwa hawa kazini, na baadaye sinema za Marekani zikawatangaza, hasa Rin Tin Tin, aliyeokotwa Ufaransa mwaka 1918. Kila mtu akataka wake. Na palipo na wanunuzi wengi, wauzaji hawaulizi baba na mama wa kitoto ni nani. Mbwa wakazidi urefu, wakawa waoga na wenye wasiwasi, wengine wakakosa meno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 chama kikaanza kupima mbwa mmoja mmoja, mwili na tabia, kabla ya kukubali azalishwe. Na mwaka 1925 Stephanitz akawashangaza wengi: ushindi wa maonyesho makubwa akampa Klodo von Boxberg, mbwa mfupi kuliko washindi waliomtangulia, mrefu wa mgongo na mtulivu. Alitaka wafugaji wabadilishe njia, nao wakamufuata, hata kupita kiasi. Wengi wakakimbilia damu ya Klodo, na kumbe mlango ukawa mwembamba tena. Ni vigumu kumtoa mzee huyu katika lawama hiyo.

Mwaka 1935, chini ya utawala wa Nazi, alisukumwa nje ya chama alichokianzisha. Mwaka uleule, kule Marekani, mganga wa wanyama Gerry Schnelle akaandika juu ya nyonga za mbwa zisizokaa vizuri katika tundu lake, ugonjwa ambao hata leo unalemaza berje wengi. Hauonekani kwa macho katika kitoto, unahitaji picha ya mifupa. Chama kilianza kufuata picha hizo miaka ya 1960.

Stephanitz hakuyaona hayo. Alikufa Dresden tarehe 22 Aprili 1936, chama chake kikitimiza miaka 37 siku ileile.