Felipe Agoncillo: Mjumbe Aliyefungiwa Mlango

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Hayo ni kweli, lakini mjumbe aweza kufungiwa mlango, na ndivyo alivyofanyiwa Felipe Agoncillo, wakili wa Ufilipino, ambaye wananchi wake humhesabu kuwa balozi wao wa kwanza.

Agoncillo alizaliwa tarehe 26 Mei, 1859, katika mji wa Taal, jimbo la Batangas, kisiwani Luzon. Siku hizo Ufilipino ilikuwa chini ya Wahispania, ambao utawala wao ulidumu zaidi ya miaka 300. Wazazi wake walikuwa na mali, wakampeleka Manila kusoma. Alijifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, akafaulu, kisha akarudi kwao kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 1889 alimwoa Marcela Mariño, binti wa mji huo huo.

Haukupita muda akajulikana kwa kuwatetea maskini bila kutaka malipo. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa. Alisingiziwa kuwa ni adui wa Uhispania, na alipopata habari kwamba atahamishwa mbali na nchi yake, alipanda meli akaenda Japani, na kutoka huko akaenda Hong Kong. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1896, nyumba yake ya Hong Kong ikawa mahali pa kukutania Wafilipino waliokimbia kwao. Humo ndimo, mwezi Mei 1898, Bibi Marcela alimoshona bendera ya taifa, akisaidiwa na binti yake Lorenza, na Delfina Herbosa, mpwa wa José Rizal. Kazi hiyo iliwachukua siku tano. Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi, aliichukua bendera hiyo, na tarehe 12 Juni, 1898, ilionyeshwa mbele ya watu huko Kawit, siku uhuru ulipotangazwa.

Lakini kutangaza uhuru ni jambo moja, na kukubaliwa na mataifa ni jambo jingine. Mwaka huo Marekani ilikuwa imepigana na Uhispania, na manowari zake zilikuwa zimeziangamiza zile za Wahispania katika ghuba ya Manila. Sasa mataifa hayo mawili yalikuwa tayari kukutana Paris kufanya mapatano. Aguinaldo alihitaji mtu wa kwenda kuisemea nchi yake, naye akamchagua Agoncillo.

Tarehe 1 Oktoba, 1898, Agoncillo alifika mbele ya Rais William McKinley mjini Washington. Rais alimsikiliza kwa adabu, lakini hakumpokea kama mjumbe wa serikali. Kutoka hapo alivuka bahari kwenda Paris, na huko hakuruhusiwa hata kuingia katika mkutano. Tarehe 10 Desemba mapatano yalitiwa sahihi. Uhispania iliitoa Ufilipino kwa Marekani, na Marekani ikakubali kulipa dola 20,000,000. Hapakuwa na Mfilipino hata mmoja aliyeulizwa.

Basi wakili huyu akashika kalamu. Siku mbili baadaye alitoa barua ya kuyapinga mapatano hayo kwa hoja za sheria, akieleza kwamba Uhispania haikuwa na haki ya kutoa nchi ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kujikomboa. Kisha alirudi Washington, akaandika tena, safari hii kwa Baraza la Senati, ambalo lilikuwa halijayakubali mapatano. Kabla ya kura kupigwa, usiku wa tarehe 4 Februari, 1899, bunduki zililia Manila kati ya Wafilipino na Wamarekani. Agoncillo alikimbilia Kanada. Tarehe 6 Februari Senati iliyapitisha mapatano kwa kura 57 kwa 27. Ilitakiwa thuluthi mbili, na kama watu wawili tu wangaligeuza kura zao, mapatano yangalianguka.

Vita vikaendelea, na nchi ikashindwa. Safari hizo za ujumbe zilikuwa zimemaliza mali ya nyumba yake, hata Bibi Marcela alilazimika kuuza vito vyake ili watoto wapate chakula na nauli ya kurudi kwao.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Agoncillo alirudia uwakili wake, na mwaka 1907 watu wa Batangas walimchagua kuingia katika Baraza la kwanza la Ufilipino. Mwaka 1923 alifanywa Waziri wa Mambo ya Ndani. Alifariki Manila tarehe 29 Septemba, 1941, akiwa na umri wa miaka 82. Bibi Marcela alifariki Mei 1946. Majuma machache baadaye, tarehe 4 Julai, nchi yao ilipata uhuru, na bendera iliyopandishwa ilikuwa ya mfano ule ule alioushona Hong Kong.

Sisi tulio shuleni hupenda kuhesabu kazi kwa ushindi wake. Agoncillo alitumwa, akaenda, akakataliwa, wala hakurudi na kile alichotumwa kukileta. Hata hivyo hakuna awezaye kusema leo kwamba Wafilipino walinyamaza nchi yao ilipotolewa. Yuko aliyesema, na aliyoyaandika yangalipo.