Hayati Michael Grzimek, Mpiga Picha wa Serengeti



Sisi wa Nkololo na Bariadi ni majirani wa Serengeti. Mto Duma unaanzia huko na kuleta maji yake upande wetu, mpaka yaingie Mto Simiyu na kufika ziwani. Tembo nao hutoka huko, na mwenye shamba la mahindi hahitaji kuelezwa habari zao. Lakini nilipokuwa mwalimu niligundua kwamba watoto wetu wanaijua Serengeti kwa picha za kalenda tu. Siku moja nilibandika ukutani picha ya nyumbu wakivuka mto. Kijana mmoja akaniuliza: mtu aliyeipiga picha hii alisimama wapi? Swali lilikuwa jema. Nikamsimulia habari za kijana Mjerumani aliyeonyesha mbuga hii kwa ulimwengu mzima, na aliyekufa kwa kazi hiyo kabla hajatimiza miaka 25. Leo nawasimulia na ninyi.

Michael Grzimek alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mzee huyo alipewa kazi ya kuongoza bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mji ulikuwa umebomolewa kwa mabomu, na wanyama waliobaki walikuwa wachache sana. Basi Michael alikulia katika nyumba ambayo habari za wanyama zilikuwa chakula cha kila siku. Mapema sana akajifunza kushika kamera. Baba aliandika vitabu, mwana akapiga picha. Wakawa kama jembe na mpini.

Safari yao ya kwanza katika bara letu iliwafikisha Ivory Coast, Afrika Magharibi, Michael akiwa bado kijana mdogo. Baadaye wakaenda Kongo. Huko ndiko walikopata sinema yao kubwa ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka 1956. Sinema hiyo ilieleza jinsi wanyama wa porini wanavyozidi kukosa mahali pa kuishi. Wenye busara walimwonya Michael kwamba watu hulipa kiingilio ili wacheke au waogope, wala si kwa ajili ya kusikitikia wanyama. Hakusikia. Sinema ikapata tuzo katika tamasha la Berlin, na fedha ikaingia kuliko walivyotazamia.

Hapo ndipo habari yao inapofika kwetu. Baba na mwana walitaka kutoa sehemu ya fedha hiyo kwa serikali ya Tanganyika, ili inunuliwe ardhi ya kuongeza hifadhi. Mkuu wa hifadhi za taifa wakati huo aliwaomba wafanye jambo jingine. Serengeti ilikuwa imetangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, ikiwa pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro. Wamasai walikuwa wakiishi na kuchunga humo, nao hawakukubali kufungiwa malisho na maji yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa katika mpango wa kugawanya eneo hilo na kuchora mipaka mipya. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika wanyama wako wangapi, wala wanahama kwa njia gani. Utachoraje mpaka wa zizi kabla hujajua ng'ombe wanalala wapi? Basi wakaombwa waje kuhesabu.

Kwa kazi hiyo walinunua eropleni ndogo aina ya Dornier, iwezayo kuruka na kutua mahali pafupi na kwenda polepole angani. Wakaipaka milia myeupe na myeusi, ikawa pundamilia mwenye mabawa. Wote wawili walijifunza urubani. Mwezi Desemba 1957 waliondoka Ujerumani, wakavuka bahari, wakaifuata Misri na Sudan kuelekea kusini, mpaka wakafika Serengeti. Ebu fikirini: mtoto wa miaka 23 na baba yake, katika chombo kidogo kama kile, juu ya jangwa ambalo msafiri wa ngamia hulivuka kwa majuma mengi.

Waliishi katika kibanda cha bati, wakifanya kazi na askari na mabwana nyama wa hifadhi. Asubuhi waliruka chini chini juu ya nyika, wakienda na kurudi kwa mistari kama mkulima anayelima kwa maksai. Mmoja aliendesha, wengine wakahesabu kwa macho kila upande. Mwisho wa hesabu yao walipata wanyama wakubwa 366,980. Zaidi ya nusu walikuwa swala, na nyumbu walikuwa kama 99,000. Pia waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwatia alama za rangi, ili wakionekana tena mbali ijulikane wametoka wapi. Walichunguza na majani, kujua kwa nini nyumbu hupenda nyanda fupi za kusini wakati wa mvua.

Katika muda wote huo kamera ya Michael haikulala. Alipiga picha kutoka angani, mahali ambapo hakuna macho yaliyokuwa yamefika. Alionyesha misafara ya nyumbu ikitambaa juu ya nyika kama siafu, na kivuli cha eropleni yake kikiwapita. Alikaa na simba, mbweha na fisi kwa saa nyingi akingoja. Kazi ya picha za safari ni kazi ya kungoja. Mtazamaji huona dakika moja, wala haoni siku tatu za jua zilizotangulia dakika ile.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Angani akagongana na tumbusi mkubwa. Bawa la kulia likapinda, na nyaya za kuongozea zikakwama. Eropleni ikaanguka, naye akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Aliacha mke kijana na mtoto mdogo. Baba yake, aliyekuja naye kutoka mbali, alimzika juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pale pakajengwa mnara wa mawe wenye maneno ya kukumbusha kwamba alitoa vyote kwa ajili ya wanyama wa Afrika, hata uhai wake.

Ninyi wazazi mnajua maana ya baba kumzika mwanawe. Mzee Bernhard angeweza kufunga sanduku na kurudi kwao asikanyage tena nchi hii, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Aliichukua kazi iliyobaki, akaimalizia sinema na kukiandika kitabu. Kijana Alan Root, aliyekulia Kenya, alikuwa mmoja wa waliosaidia kupiga picha zake. Jina la sinema lilikuwa na maana kwamba Serengeti haipaswi kufa. Ilitoka mwaka huohuo wa 1959, na mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani kwa sinema bora ya mambo ya kweli. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Kwa watu wengi wa Ulaya, jina la Serengeti lilifika kwanza kwa njia hiyo.

Je, walishinda katika jambo la mipaka? Hawakushinda. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikawa eneo ambapo watu, mifugo na wanyama wangekaa pamoja. Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa kwenda huko. Grzimek na mwanawe walikuwa wamelipinga wazo hilo la kutenga. Waliona kwamba hifadhi haifai kukaliwa na mtu yeyote, hata mwenyeji.

Hapa, ndugu zangu, sina budi kusema kweli yote, maana sifa zisizo na kweli hazimheshimu marehemu. Yule mtoto wa darasani alipokaa, msichana mmoja akanyosha mkono. Akauliza: Mwalimu, mbona katika picha hizi hamna watu? Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo. Kamera ina ukingo, na kilicho nje ya ukingo hakionekani. Picha za Michael ziliwafanya watu wa mbali wapende nchi yetu, lakini wengi wao waliamini kwamba nchi hii ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Mmasai alichunga humo. Na sisi wa upande wa magharibi tulipata Pori la Akiba la Maswa mwaka 1962, nalo pia lina mipaka yake ya kuheshimiwa.

Tena hesabu yao haikuwa kamili. Kuhesabu kwa macho ni kugumu, na makundi makubwa humpita mtu. Mwaka 1961 wataalamu wengine walipiga picha za makundi kutoka angani, wakazitandika mezani na kuhesabu kichwa kwa kichwa. Wakapata nyumbu zaidi ya 260,000. Lakini ni Michael na baba yake waliofungua njia ya kuhesabu kutoka angani, na waliofuata wakaipanua. Mtu wa kwanza kufyeka njia hawezi kulaumiwa kwamba hakuweka lami.

Na jambo hili ndilo lililonishangaza zaidi. Baada ya hapo nyumbu waliongezeka sana, wakapita 1,300,000 kufikia mwaka 1977. Kwa sababu gani? Sababu kubwa ilikuwa kwisha kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki kama mwaka 1890, ukaua ng'ombe wa babu zetu na nyumbu vilevile. Mabwana mifugo walipochanja ng'ombe wa wafugaji, sotoka ikatoweka hata porini. Kumbe aliyemshika ng'ombe wake kamba ili achomwe sindano alikuwa akimwokoa nyumbu pia, bila yeye kujua. Huyo hakupigwa picha. Naye alistahili kuwamo.

Mzee Bernhard aliendelea kuja Tanganyika, baadaye Tanzania, miaka mingi. Alichangisha fedha kwa kipindi chake cha televisheni. Huko Banagi palijengwa maabara kwa ukumbusho wa Michael, na kutoka hapo kikakua chuo cha utafiti wa Serengeti. Mzee alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, naye akaletwa Ngorongoro, akazikwa kando ya mwanawe. Walisafiri pamoja wakiwa hai, na sasa wamelala pamoja katika nchi ambayo hawakuzaliwa.

Wapendwa, nayaandika haya nikiwaza jambo moja. Kijana wa mbali alitoa maisha yake kwa kuonyesha upande mmoja wa picha. Upande wa pili ni juu yetu. Wako bado wazee katika vijiji vyetu wanaokumbuka walikochunga na walikowinda baba zao, na majina ya vilima na visima vilivyomo porini sasa. Hawana filamu, wana kumbukumbu tu, na kila msimu tunawazika. Enyi vijana mnaobeba simu zenye kamera, msiishie kupiga picha za harusi. Nendeni mkawapige picha wazee hao, na mwandike jina, mahali na mwaka. Waulizeni walipita wapi. Siku moja mtoto mwingine atanyosha mkono darasani kuuliza watu walikuwa wapi, na inafaa mwalimu wake awe na kitu cha kumwonyesha.