Ignaz Semmelweis na homa ya uzazi: mikono safi huokoa mama

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 mjini Buda, Hungaria. Mwaka 1846 alianza kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwa madaktari walikufa takribani akina mama 10 katika kila 100. Kwa wakunga, chini ya 4. Wajawazito walilijua hilo, wakaomba wasipelekwe kwa madaktari.

Kilichowaua ni homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayoanzia kwenye mji wa mimba baada ya kujifungua. Yasipotibiwa huenea kwenye nyonga, kisha huingia kwenye damu.

Mwaka 1847 daktari rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile. Hapo Semmelweis alielewa. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima akina mama. Wakunga hawakufanya kazi hiyo. Ugonjwa ulisafiri kwa mikono. Mwezi Mei aliagiza kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Vifo vilivyokuwa 18 katika kila 100 mwezi Aprili vilishuka hadi karibu 2 ilipofika Juni.

Hata hivyo, madaktari wengi walikataa kuamini kwamba mikono yao wenyewe iliua. Mwaka 1849 alipoteza nafasi yake Vienna, na baadaye akarudi Hungaria. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu.

Mwaka 1879 Louis Pasteur alionyesha kuwa bakteria wa streptokokasi husababisha homa ya uzazi. Leo tunajua wapo na wengine, na kwamba dawa za antibayotiki huwatibu zikianzwa mapema.

Mama, anayekuhudumia anawe mikono kwa sabuni na maji safi kabla ya kukugusa. Una haki ya kumkumbusha. Baada ya kujifungua, ukipata homa, maumivu chini ya kitovu au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri ipoe yenyewe.