Allan Cormack: mwanafizikia wa Johannesburg na mwanzo wa CT scan

Baadhi ya malori yanayovuka mpaka wa Tunduma huenda kusini hadi Johannesburg. Katika jiji hilo, tarehe 23 Februari 1924, alizaliwa Allan Cormack, mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kuanzisha kipimo cha CT scan.

Baba yake, mhandisi wa posta aliyetoka Scotland, alifariki mwaka 1936, na familia ikahamia Cape Town. Huko Cormack alianza kusomea uhandisi wa umeme, akaacha na kuchukua fizikia. Alikwenda Cambridge, Uingereza, lakini mwaka 1950 alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town kabla ya kumaliza udaktari wa falsafa. Hakuurudia tena.

Aliingia hospitali kwa sababu ya sheria. Mwanafizikia wa Hospitali ya Groote Schuur alikuwa ameacha kazi, na sheria ilitaka mtu mwenye ujuzi asimamie matumizi ya vitu vyenye mionzi. Mjini pale mtu huyo alikuwa Cormack. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1956 alikwenda siku moja na nusu kila wiki.

Akashangaa. Mionzi ya kutibu saratani ilipangwa kana kwamba mwili ni kitu cha aina moja ndani, wakati mfupa, nyama na pafu havizuii mionzi kwa kiasi kimoja. Picha ya eksirei ya kawaida nayo hulaza vyote juu ya kimoja, kama nguo zilizorundikwa. Cormack akajiuliza: mionzi ikipitishwa kutoka pande nyingi, je, hesabu zinaweza kuonyesha kilichomo kila mahali ndani?

Mwaka 1957 alijaribu kwa duara la alumini lililozungushiwa mbao. Hesabu zikatoa tofauti ndogo katikati, pasipotarajiwa kitu. Kumbe fundi alikuwa amechomeka pale kipande cha alumini ya aina nyingine. Kwangu mimi, kipande hicho ndicho ushahidi bora kuliko yote.

Makala zake za 1963 na 1964, alizochapisha akiwa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, hazikuwashtua madaktari. Miongoni mwa wachache walioziulizia ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Baadaye sana aligundua kwamba Johann Radon wa Austria alikuwa ametatua hesabu hiyo mwaka 1917.

Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, bila kujua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971. Ilipima kichwa tu. Mwali mwembamba ulipita upande hadi upande, ukageuzwa nyuzi moja, ukapita tena. Picha ya mkato mmoja ilichukua dakika kadhaa, na mgonjwa akitikisika iliharibika. Mashine zilizofuata zilitumia mwali mpana na safu ya vipokezi vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja ambazo kitanda husogea huku mionzi ikizunguka bila kusimama, na kuanzia 1998 zile zinazochukua mikato 4 kwa mzunguko mmoja. Kisha 16, 64, 128.

Hizo ndizo namba zinazotangazwa hospitali ikipata mashine mpya. Moyo, kwa kuwa hautulii, huhitaji 64 au zaidi. Lakini kwa dereva wa bodaboda aliyegonga kichwa, ya 16 humwonyesha daktari kama damu inavujia ndani. Kwa majeruhi wa Tunduma, zile kilomita 100 hivi hadi Mbeya zina uzito kuliko tofauti ya 16 na 64.

Cormack na Hounsfield, wote wawili bila udaktari wa falsafa, waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Cormack alifariki Massachusetts tarehe 7 Mei 1998, akiwa raia wa Marekani tangu 1966. Mwaka 2002 Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Mapungubwe, miaka minne baada ya kifo chake.