Onesimus na Kinga ya Ndui

Kila nionapo mtoto akichanjwa, humkumbuka Onesimus, Mwafrika aliyetiwa utumwani Boston, Marekani. Mwaka 1706 waumini wa kanisa walimtoa zawadi kwa kasisi wao, Cotton Mather. Akamweleza kuwa kwao Afrika mtu hukwaruzwa ngozi, akatiwa usaha kidogo wa ndui, akaugua kidogo na asiugue tena. Mwenyewe alikuwa na kovu mkononi.

Mwaka 1721 meli kutoka visiwa vya Karibea ilileta ndui. Tabibu Boylston akachanja watu zaidi ya 240. Wenyeji wakakasirika, wakiidharau elimu ya mtumwa. Wakafa 6 tu. Wasiochanjwa walikufa zaidi ya 800.

Ndugu wasomaji, bahari ileile iliyoleta maradhi ilikwisha leta kinga, imefungwa minyororo.